Butembo: Pompo mpya kwa gari inayougua tiyo, hadi lini?

Butembo, Kivu ya Kaskazini. Anayepita asubuhi kando ya barabara ya taifa namba 2, pale inapokata muji wa Butembo, hakosi kuona gari zilizofunguliwa kapo. Nyingi ni Toyota za zamani, usukani upande wa kuume, zilizotumika Japani na kuingia kwa njia ya Mombasa na Uganda hadi Kasindi. Gari hizo zimechoka, hakuna anayebisha. Lakini kinachozimaliza katika garaje nyingi si uzee wake. Ni tabia ya kubadilisha pyesi kabla ya kutafuta ugonjwa. Na anayelipa bei ya tabia hiyo, siku hizi, mara nyingi ni mtu aliyekimbia vita akabaki na gari kama mali yake ya mwisho.

Mfano mmoja unazungumzwa sana katika komine ya Bulengera. Baba mmoja mwenye watoto sita alitoka upande wa Kanyabayonga katikati ya mwaka wa 2024, wakati mapigano yaliposukuma watu wengi kuelekea Kayna, Kirumba, Lubero na Butembo. Alifika na Corolla ya miaka ya 1980, yenye kabiratere, magodoro yamefungwa juu, sufuria ndani ya buti, mama mkwe amekaa mbele na kuku wawili miguuni. Shamba lake lilibaki kule. Mbuzi walibaki kule. Leo Corolla ndiyo shamba: inabeba abiria na mizigo kati ya Butembo na Beni, kilomita 54 kwenda na nyingine 54 kurudi. Siku ambayo gari haitoki, nyumbani wanakula mara moja.

Ilipoanza kuugua, dalili zilikuwa wazi. Ikisimama kwenye rompwe, motere ilitetemeka kama mtu mwenye malaria, halafu ikazimika. Ikiwashwa tena na kukamata barabara, ilikwenda, hata mlima ilipanda bila kulalamika. Baba huyo aliongeza jambo lingine, nalo ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote: pedali ya freni ilikuwa imekuwa ngumu, kama kukanyaga jiwe. Fundi wa kwanza alisikia neno moja tu kati ya hayo yote, neno "inazimika".

— Papa, hii ni pompo ya esansi. Imekufa.

— Umeipima, mutalamu?

— Papa, kazi ya miaka yote hii, bado nipime? Sauti tu inatosha.

Pompo ikanunuliwa. Siku mbili baadaye, rompwe ileile, gari ikazimika tena. Zikafuata buji nne. Ikafuata kabiratere ya mtumba, iliyotolewa kwenye gari nyingine iliyokufa, na yule mzee akaambiwa amepata bahati kuipata. Gari ilipoendelea kuzimika, fundi akakaza vise ya ralanti hadi motere ikawa inalia juu hata ikiwa imesimama. Sasa haikuzimika tena. Ilikuwa inakunywa tu. Esansi iliyokuwa inampeleka Beni na kumrudisha haikumrudisha tena, naye akaanza kuwatukana bure vijana wa kadafi wanaouza esansi kwenye bidoni, akidhani wamechanganya na maji. Hesabu ya yote: kodi ya nyumba ya miezi miwili. Pedali ya freni ilibaki jiwe.

Fundi wa pili ni kijana anayefanyia kazi chini ya mti, bila kibao cha jina wala paa. Aliuliza kwanza maswali, na maswali yake yalichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Inazimika wapi? Ikiwa baridi au ikiwa moto? Mlimani inakuwaje? Freni? Aliposikia habari ya freni akachukua koleo, akazungushia mdomo wake kipande cha kitambaa ili zisikate mpira, akaanza kubana tiyo za motere moja baada ya nyingine, akiachia kila moja kabla ya kubana inayofuata. Alipofika kwenye tiyo nene inayotoka kwenye motere kwenda kwenye kile chombo cheusi cha duara nyuma ya kapo, kinachosaidia mguu kwenye freni, motere ilibadilika sauti palepale. Mtetemo ukaisha, na kwa sababu ile vise ilikuwa imekazwa kupita kiasi, ralanti ikaruka juu kabisa. Kijana akacheka. Mwisho wa tiyo hiyo, chini ya kolye, ulikuwa umepasuka upande usioonekana mpaka uguse kwa kidole. Akakata sehemu mbovu, upana wa vidole viwili, kwa kuwa tiyo ilikuwa bado na urefu wa kutosha. Akairudisha, akaweka kolye mpya, akarudisha vise ya ralanti mahali pake. Kazi haikufika saa moja.

Pompo ya kwanza, inaaminika, ilikuwa nzima. Hakuna anayeweza kuithibitisha, maana fundi wa kwanza aliondoka nayo.

Ugonjwa huo mafundi, kwa kufuata Kifaransa, wanauita prizideri. Kwa Kiswahili cha kawaida ni hewa ya wizi. Motere ya esansi inaishi kwa kunyonya. Kila pistoni inaposhuka inavuta hewa kupitia filtri, na hewa hiyo inapita mlango mmoja, papiyo, kile kibati kinachofunguka mguu ukikanyaga gazi. Hapo ndipo esansi inapopimwa kulingana na hewa iliyopita: karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya esansi. Nyuma ya papiyo kuna tiyo ndogo na kubwa zinazotumia nguvu hiyo ya kunyonya kwa kazi nyingine: freni, delko, kurudisha moshi wa karteri. Tiyo moja ikipasuka, au karatasi ya kuzibia kati ya kolekta na motere ikiisha, hewa inaingia kwa dirisha bila kupita mlangoni. Haikupimwa, haikupewa esansi yake. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, motere inatetemeka, inazimika, na ikiendeshwa hivyo kwa muda mrefu inapata joto kupita kiasi na supapu zinaweza kuungua.

Sasa jambo ambalo kila mwenye gari angepaswa kulijua kabla ya kufungua mfuko wa pesa. Nguvu ya kunyonya ni kubwa sana wakati motere iko kwenye ralanti, kwa sababu papiyo imefungwa karibu yote na pistoni zinavuta mahali pasipo na kitu. Tundu dogo, wakati huo, linaingiza hewa nyingi ukilinganisha na ile kidogo inayopita mlangoni. Lakini dereva akikanyaga gazi hadi chini, papiyo inafunguka, kunyonya kunapungua, na hewa ya wizi inakuwa kama tone ndani ya ndoo. Ndiyo maana gari yenye prizideri inaugua ikisimama na kupona ikikimbia. Pompo iliyochoka inafanya kinyume kabisa: kwenye ralanti motere haihitaji esansi nyingi, basi inatulia, ni pale gari inapopanda kilima cha Musienene na abiria watano na magunia nyuma ndipo inapokata, inashtuka, inakosa nguvu. Corolla ya yule mzee ilikuwa inazimika kwenye rompwe na kupanda mlima vizuri. Fundi wa kwanza aliambiwa hivyo. Kwa maneno hayo peke yake, bila hata kugusa spana, pompo ilikuwa ya mwisho kushukiwa.

Kwa nini basi pompo ndiyo iliyouzwa? Hapa mafundi wengi hukasirika, lakini lisemwe. Pompo ina bei, na kwenye bei hiyo kuna mkate wa fundi: duka linampa kitu kidogo kwa kila mteja anayemleta. Kipande cha tiyo hakina mkate. Na kutafuta ugonjwa hakuna bei kabisa. Fundi anayekaa saa mbili akisikiliza motere, akibana na kuachia, akimaliza anaambiwa, "Umefanya nini? Umeangalia tu." Fundi anayetoa pyesi yenye mafuta na kuweka inayong'aa analipwa bila maneno. Mafundi wa Butembo wakijitetea kwa hoja hiyo, wana haki kwa nusu. Nusu nyingine ni kwamba mgonjwa hapewi dawa ya moyo kwa sababu dawa ya moyo ndiyo yenye faida dukani.

Na wenye gari wasijifanye malaika. Yule baba aliyelipa kodi ya miezi miwili kwa fundi wa kwanza bila kupiga kelele, alipofika kwa kijana wa chini ya mti alianza kupunguza bei. Alisema kijana hakuweka pyesi yoyote, amekata tu mpira. Walibishana mbele ya watu, mzee akamwita mwizi kijana pekee ambaye hakumwibia. Aibu hiyo ni ya parkingi nzima, maana madereva wengine waliosimama pale walimuunga mkono mzee.

Uwongo mwingine unapaswa kukomeshwa, nao ni wa hatari kuliko pesa. Katika garaje fulani, fundi akigundua kwamba hewa inaingia kupitia tiyo ya freni, hatafuti tiyo mpya. Anaichomoa, anaingiza buloni kwenye mdomo wake, anafunga kwa kolye, na tazama, ralanti imetulia kama saa. Mteja anafurahi. Lakini kile chombo cheusi, sevofreni, kimekosa pumzi. Freni bado zipo, ila mguu wa dereva sasa unafanya kazi peke yake. Kwenye kartie tambarare mtu anaweza asione tofauti kubwa. Kwenye mteremko, gari imejaa, mvua imenyesha, dereva anakanyaga kwa nguvu zote na gari inaendelea kushuka. Watu waliokimbia kwa gari hizi wanajua zinavyobebeshwa: watu kumi mahali pa watano, mzigo juu hadi machela ya chuma inapinda. Fundi anayeziba tiyo ya freni kwa buloni ili motere itulie amewauza watu hao kwa bei ya kolye moja. Jina lingine la kazi hiyo halipo.

Tena nchi ya milima haisamehe. Sevofreni inasaidia mguu kwa tofauti kati ya hewa ya nje na kule kunyonya kwa motere. Butembo iko juu, karibu mita 1700. Hewa ya nje yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo hata sevofreni nzima inasaidia kidogo kuliko ile ya gari iliyoko kando ya bahari. Ikipunguziwa tena na tiyo iliyopasuka, haibaki na kitu.

Kujua kama freni inapata pumzi yake hakuhitaji fundi. Mwenye gari azime motere, akanyage pedali ya freni mara nne, tano, hadi iwe ngumu. Aache mguu juu yake, akiendelea kusukuma, kisha awashe motere. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, kunyonya kunafika. Isiposhuka kabisa, asitoke kwenye parkingi. Na ikiwa motere inabadilisha sauti kila anapokanyaga freni, au anasikia "fsss" karibu na miguu, hewa ya wizi inapita hapo hapo.

Kwa tiyo nyingine, njia ni ileile ya kijana wa chini ya mti: kubana moja moja, motere ikiwa inatembea, na kusikiliza. Mwenye masikio mazuri anaweza kuchukua kipande cha tiyo ya mpira, urefu wa mkono, akaweka mwisho mmoja sikioni na kutembeza mwingine karibu na kolekta. Mahali hewa inapoingia panapiga filimbi. Awe mwangalifu tu na mikanda na feni, zisije zikashika tiyo hiyo au mkono wa shati. Kwenye gari yenye delko ya zamani kuna kichombo cha duara kando yake chenye tiyo nyembamba. Tiyo hiyo ikichomolewa upande wa motere, mtu anavuta hewa kwa mdomo na kuziba kwa ulimi. Ulimi ukibaki umeshikwa, mpira wa ndani ni mzima. Ukiachia mara moja, umetoboka. Jaribio hilo halina bei, na bado kuna garaje ambazo hazijawahi kulifanya.

Kuna wanaopaka maji ya sabuni kwenye kolekta wakingoja povu, kama wanavyofanya kwa mpira wa tairi. Wanangoja bure. Kwenye tairi hewa inatoka, kwenye motere hewa inaingia. Povu halitokei, maji yananyonywa. Kinachopaswa kuangaliwa ni motere yenyewe: ikibadilisha sauti kwa kitambo pale maji yanapofika, tundu liko hapo. Maji kidogo, kwa matone, si kwa ndoo, na yasifike kwenye delko na nyaya za buji.

Na kuna wale wanaotafuta tundu kwa kunyunyiza esansi juu ya motere inayotembea. Wanajisifu kwamba njia hiyo ni ya haraka, na ni kweli: esansi ikinyonywa, motere inapanda sauti. Pia bomba la moshi liko hatua moja kutoka hapo, linawaka moto, na cheche za delko hazichagui. Garaje nyingi za muji zimegusana na nyumba za mbao, na ndani ya nyumba hizo, miezi hii, familia tatu zinalala mahali pa moja. Anayenyunyiza esansi pale anacheza na nyumba za watu ambao tayari walipoteza nyumba mara moja. Wakubwa wa avenyu wangekuwa na haki ya kumfukuza.

Wachache wana ile saa ya kupimia nguvu ya kunyonya. Ni chombo kizuri, sindano yake ikitulia au ikicheza inasema mengi. Ila namba zilizoandikwa kwenye vitabu, inchi 17 hadi 21 za zebaki kwa motere nzima kwenye ralanti, ni za kando ya bahari. Kila mita 300 za kupanda zinapunguza karibu inchi moja. Motere nzima ikipimwa Butembo inaweza kusoma 12 hadi 16 tu, na fundi aliyekariri kitabu bila kuangalia alipo atamwambia mtu kwamba motere imechoka, ifunguliwe yote. Vivyo hivyo Goma na Bukavu, zilizo karibu na mita 1500. Saa isiyosomwa kwa akili ni njia nyingine ya kuuza pyesi.

Kwenye gari za enjeksio mambo yanageuka kidogo, na hapo ndipo mafundi wengi wanapotea. Zile zenye kipimo cha hewa karibu na filtri zinaugua kama Corolla ile: hewa inayoingia nyuma ya kipimo haihesabiwi, esansi inapungua. Ule mpira mnene wenye mikunjo kati ya kipimo na papiyo ndio wa kwanza kukaguliwa, ukifunguliwa mikunjo kwa vidole, maana unapasuka ndani ya mkunjo. Lakini Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazina kipimo hicho. Zina kapteri ndogo, mara nyingi imefungwa kwenye ukuta nyuma ya motere, inayosoma nguvu ya kunyonya kupitia tiyo nyembamba kama mrija. Kwenye hizo, tundu la kawaida mara nyingi linapandisha ralanti badala ya kuizima. Na tiyo ya kapteri yenyewe ikichomoka, komputa inadhani gari inapanda mlima mkali, inamwaga esansi, moshi mweusi unatoka nyuma. Hapo fundi atauza enjekta nne, kwa ugonjwa ambao ungeisha kwa kurudisha mrija mahali pake.

Wenye dizeli wasisumbuliwe na hadithi hii. Dizeli za zamani hazina papiyo ya kubana hewa kama za esansi, na freni zake zinapata kunyonya kutoka kwa pompo yake ya pekee, ambayo kwenye Toyota nyingi imefungwa nyuma ya alternateri. Fundi anayemwambia mwenye Hiace ya dizeli kwamba ralanti yake inasumbuliwa na tiyo ya freni, aombwe kuonyesha.

Kuhusu kutengeneza, maneno ni machache. Superglu haishiki mpira wenye mafuta na joto. Silikoni ya kawaida haivumilii esansi, inalainika na vipande vyake vinanyonywa ndani. Tiyo ya plastiki inayoonekana ndani, ile ya maji, ikipata joto inajikunja na kujiziba yenyewe. Tiyo ya freni iwe nene, ya aina isiyobanwa na kunyonya, na kile kivalvu chake cha njia moja kirudi upande wake: hewa itoke kwenye sevofreni kwenda kwenye motere, isirudi. Buloni za kolekta zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, maana alumini haipendi nguvu za ubishi. Mtu anayekimbia risasi anaweza kufunga tiyo iliyopasuka kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na ukifungwa vizuri utamfikisha. Hakuna wa kumlaumu. Wa kulaumiwa ni fundi anayefanya hivyo mujini, maduka yako wazi, na kuandika "tiyo mpya" kwenye karatasi ya bei.

Baada ya kuziba tundu, vise ya ralanti irudishwe. Hili linasahauliwa kila siku. Gari inaondoka imepona, lakini bado inalia juu na kunywa esansi ya ugonjwa wa zamani, na mwenye gari anarudi baada ya wiki kuuziwa kitu kingine.

Madereva wa parkingi ya kwenda Beni wamelizungumza jambo hili, na baadhi yao wanataka masharti matatu kabla gari ya mwenzao haijaingia garaje yoyote. Bei ya kutafuta ugonjwa ikubaliwe peke yake, kabla, na ilipwe hata kama ugonjwa ni kolye iliyolegea. Fundi aonyeshe kosa kwa macho au kwa masikio mbele ya mwenye gari kabla ya pyesi kununuliwa. Na pyesi ya zamani ibaki kwa mwenyewe. Sharti la kwanza ndilo lililoleta kelele nyingi, na haishangazi, kwa kuwa ndilo linalowagusa madereva wenyewe. Bila hilo, mengine mawili ni maneno ya kikao. Fundi hawezi kuombwa aangalie bure kisha akatazwe kuuza. Naye ana watoto, na wengi wa vijana hao wa chini ya miti nao walitoka Kirumba na Kayna wakiwa na sanduku la spana kichwani.

Wahami wanaofika na gari wana ugumu wa pekee: hawamjui fundi yeyote, hawana jirani wa miaka mingi wa kuwaambia nenda kwa fulani, usiende kwa fulani. Parkingi ingeweza kuwa huyo jirani. Mashefu wa parkingi wanachukua pesa ya kila safari. Kumwelekeza mgeni kwa fundi anayepima hakuwapunguzii kitu.

Yule mzee wa Corolla, hadi wiki iliyopita, alikuwa amelipa nusu ya deni la kijana. Nusu nyingine ameahidi kuilipa kwa safari: atamsafirishia mama yake kutoka Beni bila malipo. Kijana amekubali, kwa sharti moja. Anataka kwanza kuikanyaga ile pedali ya freni mwenyewe, asubuhi ya safari, kabla mama yake hajapanda.